Nani Aliyewaandika Sokwe wa Gombe?

(Mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, tarehe 1 Oktoba 2025 ulimwengu ulipata habari kwamba Jane Goodall amefariki dunia huko California, Marekani, akiwa na umri wa miaka 91. Redio kubwa zote zilimtaja, magazeti yakachapa picha zake, na kila aliyemzungumzia alilitaja jina moja la kwetu: Gombe. Siku ile nilikaa kando ya redio yangu mpaka usiku wa manane, nikigeuza stesheni moja baada ya nyingine. Nilimsikia sokwe aitwaye David Greybeard akitajwa tena na tena. Nilimsikia Flo akitajwa, na binti yake Fifi. Mtanzania hata mmoja sikumsikia akitajwa kwa jina.

Sisemi haya kwa kumnung'unikia marehemu. Mama yule alistahili kila neno la sifa alilopewa, na tena si yeye aliyeyaficha majina ya wenzake. Katika vitabu vyake ameyaandika. Ni sisi tunaofungua vitabu kwa kutazama picha, kisha tukavifunga.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Haya, mgeni alikuja. Alikuja mwaka 1960, na baada yake wamekuja maelfu, wenye kamera na wenye darubini. Leo nataka tuulize swali dogo tu: mwenyeji naye amepona? Au amesahauliwa?

Miaka kadhaa iliyopita nilikata shauri kwenda Kigoma. Nilipanda treni ya Reli ya Kati, ile iliyojengwa na Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914, nikalala njiani nikaamka, nikalala tena nikaamka. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya rangi niliyopewa na watu wa kampuni moja ya kutembeza watalii. Jina la kampuni hiyo silitaji, kwa kuwa sikuja hapa kugombana na mtu. Karatasi iliahidi safari ya kusisimua: kuwafuata sokwe msituni, na kuuona utamaduni wa wenyeji. Nikasoma ratiba. Sokwe walipangiwa siku ya pili, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Utamaduni ulipangiwa siku hiyo hiyo jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja.

Nilicheka, ndugu msikilizaji. Lakini nilikunja karatasi nikairudisha mfukoni, kwa maana nilikuwa nimekwisha kulipa.

Kigoma ni mji wenye harufu yake. Ukishuka stesheni unapokewa na upepo wa ziwa, na katika upepo huo mna moshi, mna mawese, mna dagaa wanaokauka juani. Kusini kidogo ndiko Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Na hapo pana jambo moja linalotuhusu leo. Livingstone alikuwa ametoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, na katika daftari zake za safari alimweleza mnyama wa msituni afananaye na mtu, akamwandika kwa jina alilosikia kwa wenyeji: soko. Karibu miaka tisini kabla Jane Goodall hajafika, mgeni mwenye daftari alikuwa tayari anaandika aliyoambiwa na mwenyeji asiye na daftari. Na Kiswahili chetu kimekwenda mbele zaidi, kikamwita sokwe mtu. Hakikungoja maabara za Ulaya ziseme kwamba mnyama huyu ni jamaa yetu.

Alfajiri tulipanda boti ya mbao yenye injini tukaelekea kaskazini, mwambao ukiwa kuliani. Milima inashuka mpaka majini. Sehemu kubwa ya safari milima hiyo ni mitupu, imelimwa hadi kileleni, mihogo na michikichi hapa na pale. Kisha, kama mtu aliyepiga mstari kwa rula, msitu unaanza. Hapo ndipo Gombe. Ni hifadhi ndogo, yenye kilomita za mraba zipatazo 50 hivi, na sokwe wake hawafiki mbali na mia moja. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuyazungukia mabonde yake kwa siku chache.

Kuwafuata sokwe si kutembea, ni kupanda. Unapanda kwa mikono na miguu, ukishika mizizi, ukiteleza kwenye majani makavu, na mwongoza wageni yuko mbele yako anapanda kana kwamba anakwenda dukani. Tulisikia kelele zao kabla ya kuwaona: mlio unaoanza chini kwa kuhema, ukapanda, ukawa ukelele unaojibiwa na bonde zima. Nywele zilinisimama. Tulipotokeza kwenye uwazi mdogo tulimkuta jike mmoja ameketi mbele ya kichuguu, mtoto yu ubavuni mwake. Alikuwa amechuma kijiti chembamba. Alikiingiza katika tundu la kichuguu taratibu, akangoja, akakitoa kimejaa mchwa waliokiuma, akawala kwa midomo. Mtoto akamtazama. Kisha mtoto naye akachukua ujani, akaujaribu, ukapinda.

Sasa ndipo lilipotokea jambo ambalo ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Kando yetu, hatua chache, walikuwapo wanaume wawili waliotulia kabisa. Hawakuwa watalii. Walikuwa wasaidizi wa utafiti, watu wa vijiji vya jirani, walioanza kumfuata sokwe wao tangu alfajiri alipoamka katika kiota chake. Wangemfuata mpaka jioni atakapotengeneza kiota kingine. Mmoja wao alikuwa na daftari. Kila baada ya muda alitazama saa yake, akaandika. Nami, kwa udadisi wa watu wa mjini, nikachungulia. Nilitarajia kukuta Kiingereza. Nikakuta Kiswahili.

Naam, Kiswahili safi cha shule ya msingi. Fulani amefika kutoka bondeni. Fulani anakula majani. Mama na mtoto wanatoana chawa. Nilisimama pale nimeduwaa, nimeshika kamera ambayo sikuipiga. Nilikuwa nimesoma habari za sokwe wa Gombe kwa Kiingereza tangu ujanani, na sikuwahi kujua kwamba nyuma ya kile Kiingereza kuna lugha yangu mwenyewe.

Niliporudi nyumbani nilirudi vitabuni, safari hii nikiwatafuta watu.

Gombe ilifanywa hifadhi ya wanyama na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1943. Tarehe 14 Julai 1960 ndipo alipoteremka ufukweni msichana wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, aliyetumwa na Louis Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale aliyezaliwa Kenya. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Wakuu wa serikali walikataa msichana akae msituni peke yake, hivyo akaja na mama yake mzazi. Hata hivyo hawakuwa wawili tu. Alikuwapo mpishi wao, Dominic. Walikuwapo na askari wa wanyamapori, Adolf na Rashidi Kikwale, walioagizwa wafuatane naye milimani. Kwa hiyo ile picha tuliyozoea kuiona, ya msichana peke yake katikati ya msitu wa Afrika, ni picha nzuri lakini imekatwa pembeni. Siku za mwanzo pembeni alisimama Rashidi.

Mwaka huo huo, miezi michache tu baadaye, Jane Goodall alimwona David Greybeard akivua mchwa kwa kijiti, kama nilivyomwona yule jike. Siku zile wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza zana. Leakey alipopelekewa habari hiyo aliona mara moja kwamba ama maana ya zana itabadilika, ama maana ya mwanadamu, ama sokwe wahesabiwe kuwa watu. Kijiti cha Kigoma kilikuwa kimetikisa vyuo vikuu vya Ulaya.

Mwaka 1968 Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa. Wanafunzi wakaanza kumiminika kutoka Uingereza na Marekani. Mwaka 1969 mmoja wao, msichana, alianguka kutoka gengeni akafa alipokuwa akiwafuata sokwe. Baada ya msiba huo ikawekwa kanuni kwamba mgeni asiende msituni peke yake, afuatane na mwenyeji. Wenyeji wakaanza kwa kuonyesha njia na kulinda usalama. Lakini mtu anayewafuata sokwe kila siku mwaka mzima, wakati mwanafunzi anakuja na kuondoka, hatimaye anawajua kuliko mwanafunzi. Anamtambua kila mmoja kwa sauti, kwa mwendo, kwa kovu la sikio. Ndivyo walivyoinuka watu kama Hilali Matama, Eslom Mpongo na Hamisi Mkono. Nayataja majina haya taratibu, ndugu msikilizaji, ili upate nafasi ya kuyashika.

Januari 1974 Hilali Matama aliona jambo ambalo hakuna mtafiti aliyekuwa amelishuhudia. Sokwe wa Gombe waliokuwa kundi moja walikuwa wamegawanyika: wengine wakabaki bonde la Kasekela, wengine wakahamia kusini, wakaitwa kundi la Kahama. Siku hiyo sokwe wa Kasekela walivuka mpaka kimya kimya, wakamkuta dume mmoja wa Kahama, Godi, anakula peke yake mtini. Wakamteremsha, wakamshika, wakampiga na kumng'ata kwa muda wa dakika kumi hivi. Godi hakuonekana tena. Kisha likafuata shambulio jingine, na jingine. Kufikia mwaka 1978 kundi la Kahama lilikuwa limekwisha.

Hebu fikiri. Mpaka wakati ule wengi waliamini kwamba vita vya namna hiyo ni dhambi ya mwanadamu peke yake. Jane Goodall mwenyewe ameeleza kwamba ilimwia vigumu kuyakubali mambo hayo, na kwamba yalimnyima usingizi. Lakini aliliamini neno la Hilali, kwa maana alimjua Hilali kuwa ni mtu wa kuandika alichokiona. Hilali Matama ndiye shahidi wa kwanza wa ile inayoitwa leo vita ya miaka minne ya Gombe. Mtoto wa shule yetu anaweza kukutajia Vita vya Majimaji vilianza mwaka gani. Shahidi wa kwanza wa vita vya sokwe, jambo lililosomwa dunia nzima, hamjui.

Mwaka uliofuata ndipo Gombe ilipopata jaribu lake kubwa. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu 40 wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti kutoka Zaire. Walikuwa waasi wa kundi la Laurent Kabila, yule ambaye mwaka 1997 alikuja kuwa Rais wa nchi yake. Waliwateka nyara wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakatoweka nao gizani. Yalifuata mazungumzo marefu, na hatimaye wote wanne waliachiwa wakiwa hai. Lakini Gombe haikuwa tena mahali pa wageni. Wanafunzi waliondolewa. Jane Goodall mwenyewe hakuweza kukaa pale kama zamani.

Sasa jiulize: utafiti ulisimama? La hasha! Kesho yake sokwe waliamka katika viota vyao kama kawaida, na kulikuwa na watu wa kuwafuata. Hilali na wenzake waliingia msituni wawili wawili, daftari mkononi. Kabla ya hapo maandishi mengi yalikuwa ya wanafunzi. Tangu hapo maandishi yakawa yao, na wao waliandika kwa lugha waliyoijua, kisha yakatafsiriwa kwa Kiingereza. Sifa kubwa ya Gombe duniani ni kwamba utafiti wake haukukatika tangu 1960, na ni mmoja wa mirefu kupita yote ya wanyama wa porini. Usifu huo tunauimba wote. Tunasahau tu kwamba mwaka 1975 uzi ulikuwa karibu kukatika, na waliousuka upya walikuwa watu wa vijiji vya Kigoma, waliokuwa na hofu kama wengine, kwa maana boti zile zingeweza kurudi usiku wowote.

Kwa wale wanaodhani kwamba Gombe ni bahati ya mara moja, natuteremke kusini, mwambao huo huo wa ziwa, mwendo ambao kwa miaka mingi watu walikuwa wakiufanya kwa meli ya Liemba. Huko ndiko milima ya Mahale, nchi ya Watongwe. Mwaka 1965 alifika mahali paitwapo Kasoge mtafiti Mjapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Toshisada Nishida. Aliwavuta sokwe kwa miwa mpaka wakamzoea. Nishida alikuwa na akili ya kusikiliza. Mwaka 1981 yeye na mwenzake walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, kwa kuwa walitambua kwamba wenyeji wana jina la karibu kila jani ambalo sokwe analitia mdomoni.

Na hapa nakuomba usogee karibu na redio, maana hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1987 mtafiti wa Kimarekani, Michael Huffman, alikuwa msituni Mahale pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mtumishi wa wanyamapori na pia mganga wa mitishamba. Walikuwa wanamfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Chausiku alikuwa mgonjwa, amelegea, halili vizuri. Wakamwona anakwenda kwenye kichaka fulani, anavunja tawi, anamenya ganda, kisha anatafuna na kufyonza maji ya kiini chake. Huffman akauliza ni mti gani. Mohamedi akamwambia kwamba ni mjonso, mchungu kupita kiasi, na kwamba Watongwe wanautumia kwa homa na maumivu ya tumbo. Wakaendelea kumfuata. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nguvu, anakula na kutembea.

Hapo likafunguka swali jipya kabisa la elimu: wanyama wanajitibu? Makala ya kwanza ya kisa hicho ilichapishwa mwaka 1989, na safari hii majina ya waandishi yalikuwa mawili: Huffman na Seifu. Mohamedi alimweleza mwenzake pia habari za babu yake, Babu Kalunde. Kijijini kwao kulikuwa na maradhi ya kuhara yaliyokuwa yanaua watu. Babu Kalunde alimwona nungunungu mchanga, naye anaumwa namna ile ile, anachimba na kula mizizi ya mmea uitwao mulengelele. Nungunungu akapona. Mzee akawapa watu wake mizizi ile, nao wakapona.

Huo ndio utamaduni wa wenyeji, ndugu msikilizaji. Ile karatasi yangu ya rangi ilikuwa imeupangia saa moja ya jioni, nami nilikwenda kuuona, kwa kuwa sipendi kupoteza nilicholipia. Vijana walicheza ngoma, na walicheza vizuri. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba asubuhi ya siku ile ile tulikuwa tumepita katikati ya utamaduni huo huo tukiwa tumeukanyaga kwa viatu. Ulikuwa katika majina ya miti na katika njia tulizozipita. Ulikuwa katika lile daftari. Ngoma ni sehemu yake, lakini si yote.

Ukweli una pande mbili, nami sitaki nikupe upande mmoja. Watongwe walioishi katika milima ile walihamishwa katika miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya Ujamaa, na mwaka 1985 Mahale ikatangazwa Hifadhi ya Taifa. Katika boti ya kurudi Kigoma niliketi karibu na mzee mmoja wa huko. Nilimwamkia, tukazungumza habari za samaki, za mvua, kisha nikamuuliza habari za sokwe. Alitazama maji kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "sisi tuliishi nao. Wao hawakutufukuza, wala sisi hatukuwafukuza. Aliyetuhamisha alikuja na karatasi."

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kwamba bila hifadhi pengine leo kusingekuwa na sokwe wa kuonyeshwa. Nilikuwa nimeiona ile milima mitupu njiani kwenda Gombe, ambako watu walibanwa na ardhi na wakimbizi walipita kwa maelfu, na msitu ukaliwa na jembe mpaka kwenye mstari wa hifadhi. Hilo ni kweli. Lakini lake nalo ni kweli. Kama Watongwe wangekuwa adui wa sokwe, Nishida angewakuta sokwe gani mwaka 1965? Mtu aliyekitunza kitu kabla hakijapewa thamani, kisha akaondolewa kilipopewa thamani, anastahili angalau kutajwa jina.

Na kutaja jina si jambo dogo. Mwaka 1972, Flo alipokufa, gazeti la Sunday Times la London lilimwandikia tanzia. Sokwe wa Kigoma aliandikiwa tanzia London! Sioni vibaya, alikuwa mama hodari aliyetufundisha mengi. Nauliza tu: sisi wenye magazeti, wenye redio, wenye shule, tumeandika tanzia ngapi za watu waliomfuata Flo na ukoo wake kupanda na kushuka mabonde yale?

Kuna jambo moja la mwisho linaloniumiza kichwa. Daftari zile za Gombe ni hazina. Mwaka 1995 kumbukumbu za utafiti zilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na baadaye zikahamia Chuo Kikuu cha Duke, huko huko Marekani. Zimetunzwa vizuri, zimeingizwa katika kompyuta, zimewapa wengi shahada. Sina ugomvi na vyuo hivyo. Kitu kikitunzwa kimetunzwa. Lakini humo mna maelfu ya kurasa za Kiswahili zilizoandikwa na watu wetu, siku baada ya siku, miaka na miaka. Sijui kitabu kingine cha elimu ya wanyama kilichoandikwa kwa lugha yetu kwa muda mrefu namna hiyo. Tunalalamika kila mwaka kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia sayansi. Hilali Matama hakungoja kamati ikutane. Aliandika.

Basi nikuombe mambo mawili. Ukipata nafasi ya kwenda Gombe au Mahale, nenda. Usiwaachie wageni peke yao. Ukifika, shika masharti: usiwasogelee sokwe, na kama una mafua au kikohozi, baki kambini. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaua na kuwalemaza sokwe wa Gombe, na mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliwaua sokwe kadhaa wa Mahale. Mnyama anayefanana nasi hivyo huambukizwa maradhi yetu. Hilo la kwanza.

La pili, ukiwa pale juu umetweta, jasho likikutiririka, na sokwe wako mbele yako, geuza shingo kidogo. Tazama pembeni ya picha. Yuko mtu hapo na daftari. Msalimie. Muulize jina lake, muulize na jina la aliyemfundisha kazi, kisha ukirudi nyumbani wasimulie watoto wako majina hayo pamoja na ya sokwe.

Wazee wetu walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Kigoma walilisikia onyo hilo kuliko sisi. Mali ni msitu na sokwe wake, na daftari waliliweka, kwa miaka zaidi ya hamsini. Kilichobaki ni sisi kulisoma.

Hadi juma lijalo, nawatakia siku njema.